Mishubiri Tisa ya Mpakani

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza, pikipiki ya Baba Mkubwa Theuri ilikuwa ikipiga honi mara mbili pale langoni, na Kagure akitoka jikoni mbio huku ameukumbatia mtungi wa maziwa. Baba Mkubwa aliufunga kwa kamba ya mpira kando ya mtungi wake mwenyewe, kisha akauliza swali lile lile la kila siku.

"Leo mmetia maji kiasi gani?"

"Hata tone, Baba Mkubwa!"

"Haya. Karani akiuliza, nitamwambia mtoto wa Muchiri ameapa."

Akacheka, akatia gia, akapanda mlima kwenda kituo cha chama cha ushirika. Huko nyuma, binamu yake Kagure, Shiro, alikuwa tayari anamwita kutoka upande wa pili wa ua ili washuke pamoja mtoni kuteka maji kabla ya kwenda shuleni. Wasichana hao wawili walikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Walikaa dawati moja katika Gredi ya Sita, na watu wengi wa Mukurweini walidhani ni mapacha.

Baba zao walikuwa ndugu. Theuri alikuwa mkubwa, Muchiri mdogo. Walilima shamba moja lililoteremka kutoka barabarani hadi mtoni, kila mmoja upande wake, kahawa juu na majani ya ng'ombe chini. Hati ya shamba ilikuwa bado kwa jina la marehemu baba yao. Yeye ndiye aliyewagawia kwa mkono wake, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuuliza mpaka ulipita wapi. Mama yao, Cucu Murugi, bibi ya wasichana hao, alikuwa na nyumba yake ndogo katikati. Mchana alikula kwa Theuri, jioni akala kwa Muchiri.

Mwaka huo mvua za vuli zilikuwa zimenyesha siku tisa tu. Kufikia Februari, kahawa ilikuwa imekunja majani, na mto ulikuwa umepungua hadi watoto wakauvuka bila kulowesha magoti.

Shuleni, maua yaliyopandwa kando ya njia ya kwenda ofisini yalikauka yote. Mwalimu Ngendo, aliyefundisha Kilimo, aliwasimamisha wanafunzi mbele ya vijiti vile vikavu.

"Haya maua yalitaka maji kila siku, na maji ya tanki ni ya kunywa na kupikia," alisema. "Basi tutapanda mimea inayojua kujinyima. Mnaujua mshubiri?"

"Ule mchungu, Mwalimu!" Shiro alisema. "Cucu huwawekea kuku kwenye maji wakiugua."

"Huo huo. Majani yake manene ni ghala la maji. Ukiupanda vizuri unakaa miezi bila mvua, na ukitoa ua, ua linasimama juu kama mwenge, jekundu, na ndege wanakuja kunyonya utamu wake. Kila mmoja alete mmea mmoja. Mmoja tu. Na umwombe mwenyewe kwanza. Atakayeonyesha bidii zaidi atakuwa kiongozi wa bustani, na siku ya wazazi yeye ndiye atakayewaonyesha wageni."

Kagure alitamani sana uongozi huo. Hakuwa mkali wa hesabu kama Shiro, wala hakukimbia haraka. Lakini mishubiri aliijua mahali ilipo. Chini kabisa ya shamba, baina ya upande wa baba yake na majani ya ng'ombe ya Baba Mkubwa, palikuwa na kichaka cha miiba ambacho hakuna aliyekilima. Ndani yake ilisimama mishubiri mikubwa, mmoja hapa, mwingine hatua kumi mbele, na kuendelea hivyo hadi karibu na mto. Kwa macho ya Kagure ilikuwa imejiotea tu, kama magugu. Nani angeombwa ruhusa ya magugu?

Jumapili, wazazi walipokwenda kwenye mchango wa kanisa, alichukua jembe na gunia. Alitaka mmoja. Alipoutoa akaona ni mzuri, akawaza, "Wa pili utakuwa mzuri zaidi." Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Badala ya kuchimba taratibu kuzunguka mizizi, alivuta kwa nguvu mpaka mizizi ikakatika na kubaki chini. Mikono ilichanwa na miiba, na utomvu wa manjano ukamkauka vidoleni. Kufikia saa kumi alikuwa ameing'oa yote tisa. Aliisukuma kwa wilibaro hadi shuleni, akaifunika kwa majani ya ndizi.

Jumatatu Mwalimu Ngendo alishika kiuno.

"Tisa! Yote hii umeitoa wapi?"

Kagure aliona macho ya darasa zima yakimtazama. Kusema ameing'oa bila kumwuliza mtu kungempotezea uongozi pale pale.

"Nimepewa na mama mdogo wangu, Anita, wa Wamagana," alisema. "Anayo mingi."

"Umshukuru sana," Mwalimu alisema.

Uongo huo ulipita laini kama uji. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyeleta zaidi ya mmoja, wiki hiyo hiyo Kagure akawa kiongozi wa bustani.

Aliifanya kazi hiyo kwa bidii, na bidii aliyoijua ni ile ya nyumbani. Mama yake, Magdaline, alipopanda mche wa kahawa alitia samadi ya ng'ombe ndoo nzima, akamwagilia asubuhi na jioni. Kagure naye akabeba samadi kutoka zizini, akaijaza kwenye mashimo, akapanda mishubiri siku ile ile na kuirundikia udongo hadi katikati ya majani. Maji yaliyotumiwa na wenzake kunawa mikono aliyakusanya yote, akayamimina pale kila siku.

Baada ya majuma mawili majani yalianza kulegea. Yaligeuka rangi ya kahawia, yakawa laini kama ndizi iliyooza, yakanuka. Kagure akaongeza maji.

"Kagure, unaipenda hii mimea hadi unaiua," Mwalimu Ngendo alisema siku alipopita na kuukamata mmoja. Ulitoka wote mkononi, bila mzizi, ukichuruzika. "Huu si mche wa kahawa. Mshubiri ulioumia hauzikwi na kidonda kibichi. Kwanza unauacha kivulini siku nne au tano, kidonda kikauke na kufunga. Halafu unautafutia udongo wenye mchanga na kokoto, maji yasituame. Moyo wake unabaki juu, upate jua. Na maji unaupa pale tu udongo unapokauka kabisa. Samadi hii yote iondoe."

Walifanya hivyo pamoja. Walikata sehemu zilizooza kwa kisu hadi penye nyama nyeupe, wakaanika iliyobaki chini ya kingo za paa, wakachanganya mchanga wa mtoni na kokoto. Minne ilikuwa imekwisha kabisa. Mitano ilipona. Vile vipande vilivyooza Kagure alivitupa nyuma ya choo, na majuma machache baadaye alishangaa kuona kipande cha mzizi mnene, kisichozidi kidole, kimetoa chipukizi jeupe lenye ncha.

"Mizizi yake haikati tamaa haraka," Mwalimu alimweleza. "Jani linaweza kufa, mzizi ukabaki chini ukingoja."

Kagure alifurahi siku hiyo. Ndiyo ilikuwa furaha yake ya mwisho kwa muda mrefu.

Mwezi Machi Muchiri alianza kujenga zizi jipya chini ya shamba, karibu na maji. Alifyeka kile kichaka chote cha miiba, akachimba msingi, akapanga mawe. Siku ya tatu Theuri aliteremka kuandaa mashimo ya majani ya ng'ombe. Kagure alikuwa akimletea baba yake chai alipomsikia Baba Mkubwa akiuliza kwa sauti asiyoizoea.

"Muchiri. Mishubiri ya baba iko wapi?"

Muchiri aliinua kichwa. Alitazama kulia na kushoto. "Kwani haipo?"

"Unaniuliza mimi? Baba alipanda mishubiri tisa kutoka kwenye kahawa hadi mtoni. Alisema hapa ni mawe, hakuna mti mwingine utakaokaa, na mshubiri hauwezi kufa kwa jua. Akatusimamisha hapa sisi wawili, akasema huu ndio mpaka wenu. Leo mishubiri haipo, na zizi lako limeingia kwangu!"

"Zizi liko kwangu! Na kama kuna mtu ameng'oa, ni yule anayetaka kuongeza majani ya ng'ombe."

"Ati mimi?"

"Nani mwingine?"

Chai ilimwagika, ikamchoma Kagure vidole. Alikuwa amesimama kati ya watu wawili aliowapenda, naye peke yake alijua jibu. Lingetoka kwa maneno matatu. Alifungua mdomo. Baba yake akageuka.

"Weka chai hapo, wewe. Nenda nyumbani."

Akaiweka. Akaenda.

Asubuhi iliyofuata pikipiki ilipita langoni bila kupiga honi. Magdaline alisubiri hadi jua likatoka, kisha akaufunga mtungi mgongoni kwa kamba ya kipaji cha uso na kupanda mlima kwa miguu. Alifika amechelewa, karani akayakataa maziwa kwa kuwa yalikuwa yameanza kuharibika. Siku ya pili aliamka mapema zaidi. Baada ya juma moja kamba ilikuwa imemwachia alama nyekundu katika paji la uso.

Shuleni, Shiro alihamisha vitabu vyake hadi dawati la nyuma.

"Baba amesema nisikae na watoto wa wezi wa mashamba," alisema, na hakushusha sauti.

"Shiro, mimi..."

"Wewe nini? Ipelekee mishubiri yako ya Wamagana maneno. Labda itakusikiliza."

Wenzake wakacheka. Kagure alijiinamia. Usiku na mchana alijaribu kupanga namna ya kusema, na kila siku iliyopita ilifanya jambo kuwa zito zaidi. Jana angeulizwa, "Kwa nini hukusema?" Leo angeulizwa hilo hilo mara mbili.

Cucu Murugi naye aliacha kula kwa Theuri, akaacha kula kwa Muchiri. Alijipikia viazi viwili katika jiko lake, akala peke yake mlangoni. Kagure alipompelekea githeri ya mahindi na maharagwe, bibi alilisukuma bakuli kando.

"Rudisha, mama. Chakula cha nyumba zenu hakiteremki tena. Niliwanyonyesha hawa wawili titi moja, nimekuja kuzeeka nichague wa kula kwake?"

Mikono yake ilikuwa imekonda. Kagure alilirudisha bakuli likiwa limejaa, njia nzima akilia.

Ndipo akapata wazo. Asingemwambia mtu yeyote. Angeirudisha tu. Ugomvi ulipoingia mwezi wa pili, alasiri moja aling'oa mishubiri miwili shuleni, akashuka nayo hadi chini ya shamba wakati hakuna mtu, akaipanda pale alipodhani ilikuwa imesimama. Lakini kichaka kilikuwa kimefyekwa, na mahali pote palifanana. Aliipanda kwa kukisia, akatia maji kidogo udongo ushikane, akaondoka akiwa na moyo mwepesi kidogo.

Kesho yake kelele za Baba Mkubwa zilisikika hadi barabarani.

"Njooni muone! Njooni nyote muone! Ameanza kuipanda upya, mahali anapotaka yeye! Udongo bado una maji! Muchiri, hata aibu huna?"

Muchiri alikuja mbio, akainama kuitazama ile mishubiri miwili. Alionekana kama mwizi aliyekamatwa, naye hakuwa amefanya lolote. Theuri aliikanyaga kwa buti mpaka ikawa uji. Kisha, mbele ya majirani waliosimama kwenye kahawa, aliinua kidole.

"Sikilizeni vizuri. Jumamosi wazee wa ukoo watakuja. Nitalisema mbele yao, lishike. Siku nitakapokufa, huyu asifike kaburini kwangu. Na akitangulia yeye, mimi sitashika hata konzi ya udongo."

Cucu Murugi alikuwa amefika kwa mkongojo. Alisikia yote. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, kama mtu aliyekatwa miguu.

Kagure hakulala vizuri hata siku moja juma hilo. Alijua kwamba katika jamii yao neno kama hilo likishasemwa mbele ya wazee, haliondoki. Watoto hulirithi, na watoto wao. Yeye na Shiro wangekuja kuzikana kama wageni.

Jumamosi wazee watatu walikaa kwenye viti vya plastiki karibu na msingi wa zizi. Mkubwa wao alikuwa Mzee Ngatia, mwenyekiti wa ukoo, mtu wa maneno machache. Theuri alisimama upande mmoja na Shiro nyuma yake. Muchiri na Magdaline walisimama upande wa pili, Kagure kando yao, na Cucu alikaa katikati kwenye kigoda. Mzee Ngatia aliwauliza kila mmoja kama alikuwa ameng'oa alama za baba yake. Kila mmoja alikana.

"Basi mmoja wenu ni mwongo," mzee alisema. "Na kama hamtaki kusema, hatuna cha kuamua. Theuri, ulisema una neno."

Theuri alivua kofia. Akavuta pumzi.

"Ni mimi!" Kagure alipiga kelele. "Baba Mkubwa, usiliseme! Ni mimi niliyeing'oa!"

Alieleza yote: bustani ya shule, gunia, uongo wa Wamagana, hata ile miwili aliyoirudisha. Alitarajia kofi. Alitarajia baba yake afoke. Kilichokuja kilimwumiza zaidi.

Theuri alicheka kicheko kikavu.

"Muchiri, umemfundisha mtoto wako vizuri. Hata machozi anajua pa kuyaweka."

"Sijamfundisha kitu!" Muchiri alisema. "Hata mimi ndiyo nasikia sasa!"

"Miezi miwili mtoto anakaa kimya, anamtazama mama yake akibeba maziwa kwa kipaji. Halafu leo, siku ya wazee, ndiyo anakumbuka? Mtoto wa nani anafanya hivyo?"

Mzee Ngatia alimtazama Kagure. "Mtoto, miezi hii yote ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa," Kagure alisema kwa sauti ndogo. "Niliogopa."

Mzee alitikisa kichwa. Hata mama yake Kagure aliangalia pembeni. Kagure alielewa, kwa mara ya kwanza, kwamba ukweli unaweza kusemwa wote bila kubakisha na bado ukaanguka chini. Alikuwa ameuweka muda mrefu hadi ukafanana na uongo.

Ni Cucu aliyeongea. "Kama ni wewe, ilikuwa imesimama wapi?"

"Sijui, Cucu. Kichaka kimefyekwa." Kisha akasita. Alikikumbuka kile kipande cha mzizi nyuma ya choo. "Lakini niliing'oa vibaya. Nilivuta. Mizizi ilikatika ikabaki chini, na mizizi ya mshubiri haifi haraka. Inangoja. Mkichimba mtaipata, na mtu hawezi kumfundisha mtoto mahali palipo na mizizi chini ya ardhi."

Wazee wakatazamana. Mzee Ngatia akasema, "Leteni majembe."

Walileta manne. Walichimba karibu na jiwe kubwa alilolionyesha Kagure kwa kukisia, hawakupata kitu. Wakachimba hatua tatu mbele. Kitu hakuna. Udongo ulikuwa mkavu kama majivu, vumbi likawajaa kope. Theuri aliegemea jembe lake.

"Tuendelee hadi mtoni, au tumeshachezewa vya kutosha?"

Kagure alipiga magoti. Alianza kuparua udongo kwa vidole, sentimita kwa sentimita, bila kujali kucha. Hakuna aliyemsaidia. Alipita jiwe, akapita kisiki. Kucha moja ilivunjika. Ndipo kidole kikagusa kitu kigumu chenye ncha. Akapuliza vumbi. Lilikuwa chipukizi jeupe, dogo kama jino la mtoto, limekaa juu ya mzizi mnene uliokatika. Mzee Ngatia aliinama, akaukwaruza mzizi kwa ukucha, akaonja.

"Mchungu," alisema, akatema mate. "Ni wenyewe. Na umekatika kwa kuvutwa, si kwa panga."

Kutoka pale walipima hatua kumi na kuchimba. Waliupata wa pili. Wa tatu haukuwepo, labda ulikuwa umekufa. Wa nne aliupata Shiro kwa jembe lake, naye alipouona alipiga ukelele kabla ya kukumbuka kwamba hakuwa akiongea nao. Walipopata wa tano, Mzee Ngatia aliagiza kamba ya kupandia kahawa. Waliifunga kwenye mzizi wa kwanza, wakaivuta hadi wa mwisho, ikakaza.

Kamba ilipita juu ya msingi wa zizi. Haikupita kando. Ilikata ndani, na kona nzima ya zizi, hatua mbili na nusu, ilibaki upande wa Theuri.

Kagure alimtazama baba yake. Alikuwa amesema ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa umemvunjia baba yake zizi.

Muchiri aliifuata kamba hadi kwenye kona ya zizi. Kisha akavua kofia.

"Sikung'oa mishubiri," alisema. "Lakini nilijenga kwa kukisia, na nilikisia kwa kujipendelea. Nitayaondoa mawe."

Theuri aliivaa kofia yake bila kulisema lile neno alilolileta, akamshika Shiro mkono, akapanda nyumbani. Hakumpa ndugu yake mkono. Wazee walifunga mkutano kwa sala fupi.

Jumatatu Kagure alisimama mbele ya Mwalimu Ngendo, akasema yote kabla ya gwaride. Mwalimu hakufoka. Alimvua uongozi wa bustani, akaukabidhi kwa mwingine, kisha akampa ile mishubiri mitatu iliyobaki ndani ya boksi.

"Hii si yetu," alisema. "Iache ikauke kidonda kwanza, kisha uirudishe mpakani. Unajua namna."

Jioni za juma hilo Muchiri alivunja msingi peke yake, naye Kagure akabeba mawe kwa wilibaro. Ng'ombe alibaki katika zizi la zamani lililoinama. Mvua haikuja. Mama aliendelea kubeba mtungi kwa kipaji, na Cucu aliendelea kujipikia viazi vyake. Kagure alikuwa ametarajia kwamba akishasema, kila kitu kingerudi kama zamani siku ile ile. Hakikurudi.

Siku ya nne walifika kwenye jiwe la kona. Muchiri alilipiga kwa jembe, mpini ukavunjika. Alikuwa amekaa chini akifuta jasho aliposikia hatua. Theuri alikuwa akiteremka, amebeba mtaimbo begani.

Hakusalimia. Aliuchomeka mtaimbo chini ya jiwe, akaujaribu, jiwe likakataa. Kisha akamgeukia Kagure.

"Njoo hapa."

Kagure alisogea.

"Siku ile ulipong'oa, au hata siku ile ya chai, ungesema, 'Baba Mkubwa, ni mimi.' Ningekugombeza mpaka majirani wakusikitikie. Halafu ningekunywa ile chai, tungeipanda tena, na yangeisha. Mdomo wako mmoja ungetosha. Ulipofika Jumamosi, ukweli huo huo ulihitaji wazee watatu na majembe manne, na bado mimi sikukuamini. Umenielewa? Ukimkosea mtu, sema kosa likiwa bado dogo. Ukilificha, litakua hata kwa kiangazi."

"Nimeelewa, Baba Mkubwa. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Wewe ni mtoto." Akatazama mikono yake. "Sisi wakubwa ndio wabaya zaidi. Tulikuwa na watoto wawili wanaopita hapa kila siku, hatukumwuliza hata mmoja. Tulikuwa na haraka ya kuchukiana."

Theuri aliukandamiza tena mtaimbo kwa uzito wake wote, mishipa ikamsimama shingoni, jiwe likatikisika kidogo tu na kurudi mahali pake. Ndipo Muchiri akasimama, akajifuta viganja kwenye suruali, akaushika mtaimbo chini ya mikono ya kaka yake. Walikandamiza pamoja bila kutazamana, mpaka jiwe likatoka.